Doa kwenye karatasi halitoshi: nilivyotambua kimiminika kisicho na lebo

Ushauri niliopewa kuhusu kimiminika kile cha manjano hafifu ulikuwa mfupi: kidondoshee karatasi, ukiona doa linalopitisha mwanga, andika "lipidi" (jamii ya mafuta na nta) umalize. Ushauri huo unapotosha wengi. Parafini ya maji nayo huacha doa lisilokauka, ilhali ni haidrokaboni tupu, yaani kaboni na haidrojeni pekee, wala si lipidi.

Hata hivyo nilianza na doa, ila karatasi niliipasha joto. Tone la sampuli huku, tone la maji kule, kisha juu ya bika la maji ya moto. Maji yalikauka, doa la sampuli likabaki. Joto hilo ni muhimu, kwa sababu mafuta mepesi yenye harufu yanayotolewa kwenye mimea huacha doa, lakini yakipashwa huvukiza. Hayo hayo huleta ukungu mweupe katika jaribio la emalsheni (vijitone vya mafuta vilivyotawanyika majini), hivyo bila karatasi iliyopashwa yanakuingiza mtegoni mara mbili.

Emalsheni: matone 5 ndani ya ethanoli 2 cm³, tikisa, mimina kwenye maji ya kiasi hicho hicho. Nikapata weupe kama wa maziwa. Neli iwe kavu kabisa. Sampuli ngumu ipondwe, iachwe itulie, umimine ethanoli ya juu tu. Chembe zikipita, zitaleta ukungu wa uongo.

Sudani III, rangi inayoyeyuka katika mafuta, ilipaka nyekundu tabaka la mafuta lililo juu ya maji. Ilipaka vilevile parafini niliyoiweka pembeni kwa kulinganisha, kwa hiyo haikuamua chochote.

Kilichoamua ni jaribio la akrolini, na hapa ndipo ningemtaka kila mwanafunzi asimame kwa muda. Nilitia matone 5 ya sampuli katika neli kavu, nikayafunika kwa takriban gramu 1 ya potasiamu haidrojeni salfeti, nikapasha ndani ya kabati la kuvuta hewa. Chumvi hiyo huinyang'anya gliseroli, kiini kinachoshikilia asidi za mafuta katika molekuli ya mafuta, molekuli mbili za maji, ikabaki akrolini, yenye harufu kali ya mafuta yaliyoungua. Usiweke pua mdomoni mwa neli: akrolini ni sumu na huchoma macho. Nilishikilia hapo kipande cha karatasi ya chujio kilicholowa nitrati ya fedha yenye amonia, kikawa cheusi. Mchanganyiko huo utengeneze papo hapo na uutupe siku hiyo hiyo, maana ukikaa unaweza kuunda vitu vinavyolipuka. Moto uwe mdogo kwanza, uongezwe taratibu. Ukichoma kwa pupa, salfeti yenyewe hutoa moshi wa oksidi za salfa, nao unawasha vilevile, ukadhani umepata jibu.

Neli ya parafini haikutoa kitu. Nta na asidi za mafuta zilizo huru nazo hazitoi, kwa kuwa hazina gliseroli.

Gliseroli pekee nayo ingeitikia, basi nikamalizia kwa kutengeneza sabuni: sampuli 1 cm³, potasiamu haidroksidi ya 10% katika ethanoli 5 cm³, kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya mwali. Iko tayari pale tone lake likitiwa majini halitoi tena vijitone vya mafuta. Ilitoa povu zito. Nilipoongeza asidi hidrokloriki nyepesi hadi litmasi ikawa nyekundu, asidi za mafuta zilielea juu. Nikaandika kwenye lebo: trigliseridi, yaani gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta.