Mchezo wa nne tu
Leo kazini wananiuliza kwa nini sibeti tena hata soda juu ya kwotabeki, yule mrushaji mkuu wa mpira kwenye futiboli ya Kimarekani. Jamani, Septemba 11, 2023 nilikuwa kwa shemeji hapa New Jersey, sahani ya mabawa ya kuku mapajani. Aaron Rodgers, miaka 39, mechi yake ya kwanza kama kwotabeki wa timu ya Jets, anaingia mbio na bendera mkononi. Mchezo wa nne tu, yaani mara ya nne tu anaanzishiwa mpira, Leonard Floyd wa timu pinzani kamwangusha. Akasimama, nikasema aah, mzima. Mara akakaa kwenye nyasi bandia, taratibu, kama mzee anayetafuta mkeka. Kano ya kisigino, mguu wa kushoto, imekatika. Kazi gani hii, umekodolea wenzako macho huko mbele huku majitu ya kilo mia yanakujia! Jets walishinda 22-16, lakini shemeji hakugusa bawa hata moja. Nilimalizia mimi.