Boksi la Profesa Krutch

Nililamba kidole. Hakuna aliyenifundisha, ni kuwaona wakubwa tu: unalamba kidole cha shahada, unafunua ukurasa. Kabla sijaugusa, mhudumu alishafika mezani. Akainama, akaninong'oneza kwa upole unaouma kuliko karipio: mikono mikavu, tafadhali.

Hapo ni Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, kwenye chumba cha kusomea hati ndani ya jengo la Madison, Novemba 2018. Nilitoka Silver Spring kwa treni asubuhi, nikatengenezewa kadi ya msomaji, nikaacha begi, koti na kalamu kwenye kabati la kufuli. Ndani unaandika kwa penseli. Unaletewa boksi, unatoa jalada moja tu, na karatasi unaziacha kwa mpangilio ulioukuta.

Boksi langu lilikuwa la Joseph Wood Krutch. Huyu alifundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Columbia, na huku akihakiki michezo ya kuigiza kwenye jarida la The Nation. Mwaka 1929 alitoa kitabu cha kukatisha tamaa kabisa kuhusu binadamu wa kisasa. Miaka 20 baadaye, huyohuyo, akaja na kitabu cha insha kinachoanza na vyura: vile vyura vidogo vya Connecticut vinavyopiga kelele baridi ikianza kuachia. Mwaka 1952 akaacha ualimu, akahamia Tucson, jangwani Arizona, akawa anaandika habari za viumbe wa huko hadi alipofariki mwaka 1970. Mimi ni mtu wa Dodoma. Mtu anayeufuata ukame kwa hiari yake, lazima nimchungulie.

Nilikuwa natafuta pale alipogeuka. Nilidhani nitakuta barua inayosema wazi, siku fulani nilisikia vyura, basi. Wapi! Nilichokuta ni kazi: kurasa zilizopigwa taipu, kona zina alama ya kutu ya kibanio kilichoondolewa zamani, na penseli imepita kila mahali. Pahali pamoja neno limekatwa, juu yake limeandikwa jingine, nalo limekatwa, kisha lile la kwanza limerudishwa. Nikacheka, jirani wa meza ya pili akageuka. Mtu aliyesahihisha insha za watu miaka yote hiyo, anahangaika na neno moja kama mtoto wa darasa la tano!

Saa sita mchana nikatoka nje kumpigia mama. Kwao ilikuwa saa mbili usiku.

"Shikamoo mama. Vyura wameanza huko?"

"Marahaba. Vyura gani? Mvua yenyewe iko wapi!" Akanyamaza kidogo. "Umekula lakini?"

Nikala mkate nimesimama palepale, nikafuta mikono kwenye suruali mara mbili, nikarudi kwenye boksi.