Siku moja na vipande 16 vya mji wa angani, barazani kwa mama, Mtwara

Saa 11 na nusu alfajiri. Kilichoniamsha leo sio adhana wala jogoo, ni ukimya wa printa ya 3D, ile inayojenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka. Ile mashine ikiwa kazini ina kamlio kama mbu mwenye mafua, nshazoea kulala nayo, sasa ikinyamaza tu nashtuka kama mama mwenye mtoto mchanga. Umeme ulikata usiku. Nikamulika na simu nikakuta mlango wa nane umeishia kiunoni na umebanduka kwenye sahani, maana hii printa umeme ukirudi inaweza kuendelea pale ilipoishia lakini plastiki ya PLA ikishapoa inaachia chini, kwaiyo ingeendelea ingekuwa inachora hewani. Milango ilitakiwa minane, ipo saba. Na mzigo unatakiwa ofisi ya basi leo jioni, basi la Dar linaondoka alfajiri.

Kwa mliokuja leo, kazi yangu ni tereni. Kuna watu wazima kabisa wana familia na mikopo ya benki wanacheza vita mezani kwa vijisanamu vya urefu kama wa nusu ya kidole gumba, wanarusha dadu, wanapima mwendo kwa inchi na futi kamba. Ukisikia Warhammer 40,000, ule wa Waingereza ulioanza 1987, ndo habari hizo. Sasa hao askari wanahitaji mahali pa kupigania, huo mji, hizo ghala na ngazi na makontena ndo navyotengeneza mimi. Mteja wa safari hii yuko Dar, anacheza Infinity, huo ni wa Wahispania, meza yake futi 4 kwa 4, kwaiyo kaagiza vipande 16 vya futi moja kila upande. Utamu wake ni kwamba havigandi sehemu moja, leo unavipanga vinakuwa mtaa, kesho unavizungusha unapata bandari. Na ugumu wake ni huohuo, kila ukingo lazima ukubaliane na kila ukingo mwingine, na kingo ziko 64.

Saa 1 asubuhi. Shikamoo mama, marahaba, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mama kaangalia uwanja akaniuliza hii theluji yako itaisha lini. Ni punje za lile povu jeupe, wengine wanaita stairofomu, linalokuja kwenye boksi za friji na tivii. Miezi hii kusi inavuma, punje zinaruka zinaingia mpaka kwenye sufuria ya jirani, nshaombewa msamaha mara mbili na mama yangu mzazi kwa majirani, sio sifa.

Saa 2. Bado umeme hamna lakini kukata naweza. Mkato wangu ni waya niliochomoa kwenye draya mbovu ya saluni, nimeufunga kwenye fremu ya mbao, nauchoma kwa betri ya pikipiki ya volti 12. Waya ukipata moto povu linakatika kama siagi na halitoi punje hata moja (theluji inatoka ninaposugua na msasa, mama hajui tofauti na sijisumbui kumweleza). Ule moshi wake sio wa kuvuta, ndo maana nakatia nje, upepo mgongoni. Leo nilibakiwa na vibanda vitatu na makontena sita.

Makontena ndo nayapenda kuliko vyote. Vijisanamu hivi vya milimita 28 ni kama umeigawa dunia kwa 56, kwaiyo kontena la futi 20 linakuja sentimita 11 kasoro kidogo, kimo sentimita 4 na nusu. Unakata povu, alafu unachukua kadibodi, unailowesha upande mmoja, unabandua karatasi ya juu taratibu, chini yake unakuta bati la migongo limeshatengenezwa na kiwanda, we kazi yako kugundi tu. Hata lile bomba la gesi la kwenda Dar, lile la inchi 36 lililofunguliwa 2015, ukiligawa hivyohivyo unapata milimita 16, unene wa maka peni kabisa. Mi sijawahi kuona mji wa angani, ila nimeona bandari msimu wa korosho na nimepita Madimba kwenye mitambo ya gesi. Ukiondoa minazi na mbuzi, hapo tayari una sayari nyingine.

Saa 4 kasorobo. Sasa hapa ndo kisa chenyewe. Nikapanga sakafu zote 16 barazani, kumbe mstari wa tatu umezidi. Milimita 3. Utasema milimita 3 ni nini, lakini kwenye moduli, yaani vipande vya kuunganisha, ukiweka vinne kimoja kikiwa kimezidi milimita 3, wa pembeni anasogea, na wa pembeni yake anasogea, mwisho unapata ufa katikati ya mji ambao askari anatumbukia mguu. Nikapima tena kwa futi kamba, sawasawa. Nikapima tena, imezidi. Nikaanza kuitukana futi.

Jirani yetu ni mzee wa Kimakonde, mchongaji wa mpingo wa siku nyingi, alikuwa kakaa chini ya mwembe wake anasugua kinyago akawa ananiangalia tu. Akauliza, "Mjukuu, unapima na nini?" Nikamwambia futi babu. Akasema, "Kila kipande?" Nikasema ndio. Akacheka yule mzee mpaka akakohoa. Akaja na kijiti chake, kijiti cha kawaida tu kina alama za kisu, akasema mi vichwa vya familia nzima navipima na hiki, kama kimekosea basi wote wamekosea pamoja na hakuna atakayejua.

Daah. Miaka miwili nafanya hii kazi. Yaani kila ninaposhika futi naanza upya, jicho leo limesimama hapa kesho pale, lile dude la chuma mbele ya futi nalo linacheza, na kila kipande kinabeba kosa lake binafsi. Nikakata kibao kimoja cha plaiwudi, pembe nikazihakiki na skwea ya fundi seremala, kuanzia hapo kila sakafu naiweka juu ya kibao napitisha waya pembeni yake. Vipande vinne nikavirudia. Ni futi moja kamili? Naweza kusema ni futi moja ya Mtwara. Vyote 16 ni futi moja ya Mtwara.

Saa 5. Dogo katoka shule, wako kwenye mitihani wanatoka mapema, akaja kunisaidia sumaku. Kila ukingo una sumaku mbili, kwaiyo kipande kina nane, jumla 128, vile visahani vya milimita 5. Hapa kuna kahesabu ambako naona wengi wanashindwa wanaamua kuweka ndoano. Ukiutazama ukingo kutokea nje, sumaku ya kushoto ionyeshe kaskazini, ya kulia kusini, zote mbili umbali sawa kutoka kwenye kona. Fanya hivyo kwenye kingo zote nne. Vipande viwili vikitazamana, kushoto kwa huyu ndo kulia kwa yule, kaskazini inakutana na kusini, vinashikana hata uzungushe vipi. Nimechora alama ya wino kwenye kila sumaku, nimemweleza dogo mara tatu, kasema kaka nimeelewa.

Hakuelewa. Kipande cha tisa na cha kumi tukivisogeza kwa vile vingine vinakataana navyo kama mawifi, unasukuma vinateleza pembeni. Kumbe alikuwa anaangalia ukingo kutokea ndani, kaviweka vyote kinyume. Na vimeshikwa na gundi. Sumaku 16 tukazitoa moja moja na ncha ya kisu, mbili zikavunjika, alafu supagluu nayo ukiimwaga kwenye povu inalila, kwaiyo mashimo yakawa makubwa nikayajaza na karatasi na gundi nyeupe ya mbao. Sikumgombeza sana. Mwaka jana mimi mwenyewe nilipulizia rangi ya kopo kwenye jengo zima la ghorofa tatu la povu, ile dawa iliyomo ikalitafuna mbele ya macho yangu likabaki kama jino bovu.

Saa 7 na nusu. Wali, samaki wa nazi. Umeme umerudi, haraka haraka nikachomeka chaja za kila kitu. Kuwasha printa kwa ajili ya mlango mmoja? Saa moja na nusu, na ukikata tena je. Nikaiacha.

Saa 8. Nikatafuta ndala. Kuna gunia nyuma ya nyumba nimejaza soli nilizookota ufukweni Shangani, bahari inazirudisha kila siku, na ule mpira wake laini ni dhahabu kwa kazi hii, unakatika na wembe, haunyonyi maji, na ukiupulizia rangi hauyeyuki kama povu. Nikachagua moja ya kijivu, nikakata mstatili wa sentimita 4 kwa 5, mlango wa kijeshi ule wa kufunguka katikati, mistari nikaichoma kwa msumari wa moto, bolti nikaweka vichwa vya pini, kitasa ni kipande cha paketi ya vidonge. Ukweli niliona aibu kidogo. Ile saba imenyooka kama imetoka kiwandani, huu una mkono wa mtu.

Alafu rangi. Kwanza kila kitu kinapakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji, hii ndo ngozi inayolinda povu. Sakafu nimezivalisha kadibodi juu na chini, tena siku ileile, ukigundisha upande mmoja tu gundi ikikauka inavuta, kipande kinakunja mgongo. Baada ya nyeusi inakuja kijivu kwa brashi karibu kavu, unaifuta kwenye tambara mpaka unadhani imeisha ndo unapitisha, inashika kwenye kingo tu. Na mwisho kutu. Kwenye kutu simwogopi mtu. Wanaopaka kutu kwa kuangalia picha wanamwaga rangi ya machungwa kila mahali, sisi chumvi ya bahari inakula mabati tangu tumezaliwa, tunajua inaanzia kwenye tundu la msumari, inashuka chini na maji ya mvua, na pale pa kwanza inakuwa ya hudhurungi nzito karibu na nyeusi, ile ya machungwa iko pembeni tu. Natumia kipande cha sponji ya godoro.

Nikaanika kivulini. Vile vya PLA ukiviacha kwenye jua kali ndani ya boksi vinalegea, ikifika kama nyuzi 60 mlango unakuwa ulimi.

Saa 10 na nusu. Kujaribu. Infinity ina ubaya wake, ukimtoa askari wako kichochoroni akaonwa na wa mwenzio, yule wa mwenzio anaruhusiwa kumpiga hata kama zamu ni yako. Kwaiyo meza yenye uwazi mrefu sio mchezo, ni machinjio. Dogo akashika ncha ya uzi upande mmoja, mi nikashika mwingine, kimo cha jicho la kijisanamu, tukawa tunapitisha mji mzima. Uzi ukivuka futi nne bila kugusa kitu, hapo pana tatizo. Pakapatikana njia mbili. Moja nikaiziba na kontena, nyingine nikaiacha kwa makusudi, mdunguaji naye ana haki yake.

Saa 12 jioni. Kila kipande gazeti, kila vipande viwili uso kwa uso, maboksi mawili, bajaji mpaka stendi ya Mkanaledi. Dada wa kwenye ofisi ya basi akauliza kuna nini ndani. Nikasema mji. Akaniangalia. Nikasema tereni, dada, za mchezo. Akafikiria kidogo akaandika kwenye risiti: mapambo ya harusi, 2. Nikaona sawa, mapambo ya harusi hawayatupii magunia ya korosho juu.

Saa 3 usiku. Nusu ya hela nililipwa mwanzo, nusu mzigo ukifika, kwaiyo nilimtumia mteja picha za vipande vyote kabla sijafunga. Kajibu sasa hivi. Kasema kila kitu safi, ila ana swali, huu mlango wa ghala la kona mbona umetoka vizuri kuliko ile mingine, nimeuprinti kwa settingi gani?

Nimemjibu: namba tisa, mguu wa kushoto.