Ijumaa ya Boti Bangkok

Bangkok ya mwezi Mei ina joto lisilo na adabu. Saa moja asubuhi shati limeshalowa, na ikifika mchana magari ya barabara ya Sukhumvit yamefungana hata pikipiki zinatafuta upenyo. Ijumaa ile ya mwaka 2024 kaka yangu aliweka sharti moja tu: saa sita na robo itukute Msikiti wa Haroon, tumeshatawadha. Kabla ya hapo nione ninachotaka.

Kaka anauza vito Arusha. Bangkok anaijua kwa sababu ya mtaa wa Mahesak na barabara ya Silom, ambako mawe ya rangi kutoka duniani kote, tanzanaiti ikiwemo, hupimwa na kuuzwa. Nilipotaja taksi akacheka. Taksi za pale si ghali, mita huanzia baht 35 (baht ndiyo fedha ya Thailand), ila ukikwama kwenye foleni inaendelea kuhesabu nawe hujasogea. "Sahau gari, mdogo wangu. Mji huu unatembelewa kwa treni ya juu na kwa maji."

Tulipanda treni ya BTS kituo cha Nana, tukabadilisha Siam kwenda mstari wa Silom, tukashuka Saphan Taksin. Nauli ya chini kabisa ni baht 17 na huongezeka kwa idadi ya vituo. Baadhi ya mashine za tiketi hupokea sarafu tu, kwa hiyo unakwenda kwanza dirishani kuvunja noti. Ndani ya behewa baridi ni kali. Mwenye jasho na abebe kitu cha kujifunika. Mlango namba 2 wa kituo unakushusha moja kwa moja kwenye gati ya Sathorn, na hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa. Vijana wenye vipeperushi wanakuelekeza kwenye boti ya watalii yenye bendera ya buluu, au kwenye mashua ndefu ya kukodi ambayo bei yake inategemea sura yako. Wewe tafuta boti yenye kibendera cha rangi ya chungwa nyuma. Hiyo ndiyo ya wananchi: baht 16, uende kituo kimoja au kumi.

Konda wake, mara nyingi mama wa makamo, anashika mkebe mrefu wa chuma wenye tiketi na sarafu, anaugonga ka-ka-ka akipita kati ya viti. Mpe noti ya kijani ya baht 20 atakupenda. Ukimpa ya 1,000 atakutazama kama uliyemtukana. Magati yana namba: kutoka Sathorn kwenda kaskazini, N1 ni Oriental, N5 Ratchawong penye mtaa wa Wachina, N8 Tha Tien, mpaka N30 Nonthaburi. Boti haifungi kamba na kupumzika. Baharia wa nyuma anapiga filimbi kumwelekeza nahodha, boti inagusa gati, watu wanaruka, imeondoka. Kwa hiyo gati moja kabla ya yako uwe umeshasogea mlango wa nyuma. Usikae wala kusimama sehemu iliyotengewa watawa wa Kibudha wenye mashuka ya rangi ya zafarani, na mwanamke aepuke kuwagusa, kwani wao hawaruhusiwi kugusana na wanawake.

Tulishuka Tha Tien. Hatujafika hata kwenye lango la hekalu la Wat Pho, bwana mmoja nadhifu, kitambulisho kifuani, akatusalimia kwa Kiingereza safi: Kasri Kuu limefungwa mpaka mchana, kuna ibada, lakini anaweza kutupatia tuktuk kwa baht 20 itutembeze mahekalu matatu, halafu tupitie duka la vito la serikali lenye punguzo la siku hiyo tu. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akamuuliza duka hilo lina tanzanaiti ya karati ngapi na imepashwa moto au la. Bwana akakumbuka ana safari.

Ujanja huo ni wa miaka mingi na haubadiliki. Dereva hulipwa na duka kwa kila mteja anayemfikisha, ndiyo maana tuktuk inakuwa karibu na bure. Jiwe unalouziwa ni halisi au la, thamani yake haifiki bei uliyotoa. Kasri hufunguliwa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, na likifungwa kweli utaambiwa langoni, si barabarani. Sisi hatukuingia siku ile. Kiingilio ni baht 500, na mahali palipoanza kujengwa mwaka 1782 na kuongezwa na mfalme baada ya mfalme panataka nusu siku nzima. Kukimbizana mle ndani ukiwa na miadi ya Ijumaa ni kutupa pesa.

Wat Pho kiingilio kilikuwa baht 300. Kaka alibaki kivulini na dafu lake. Mimi niliingia kutazama ufundi. Magoti na mabega yafunikwe, viatu vivuliwe mlangoni. Sanamu ya Buddha aliyelala ina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na jengo limeibana, kwa hiyo huioni yote kwa mara moja: unaona uso, kisha kiwiko, kisha unatembea mpaka nyayo. Nyayo ndizo zilizonishika. Zimepambwa kwa lulumizi, alama 108, kazi ambayo fundi wa makasha wa Lamu angesimama aitazame vizuri. Ukutani nyuma yake zimepangwa bakuli 108 za shaba ambamo watu hudondosha sarafu moja moja, na mlio wake unajaza ukumbi.

Ng'ambo ya mto ni hekalu la Wat Arun. Kuvuka ni baht 5 kwa kivuko kinachokwenda na kurudi kutwa, dakika chache tu. Mnara wake umebandikwa vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina, ambavyo zamani vilikuja vikiwa shehena ya kutuliza majahazi. Ngazi zake ni za kusimama wima hasa. Kupanda ni rahisi, kushuka ndiko watu hukaa kitako. Hatukukawia. Asubuhi boti zinafuatana, lakini kadiri mchana unavyokaribia unaweza kusubiri robo saa au zaidi, kwa hiyo saa tano tulikuwa tumerudi Tha Tien.

Ukishuka N1 unatoka kwa kichochoro cha pembeni ya Kanisa Kuu la Assumption mpaka barabara ya Charoen Krung, unakata kushoto, unaingia Soi 36 (soi ni kichochoro), jirani na Ubalozi wa Ufaransa. Msikiti umejificha kati ya nyumba, na unabeba jina la Haroon Bafadel, wa ukoo wa Kiarabu wa wafanyabiashara waliotokea Indonesia. Nasi pwani tuna akina Bafadhil wetu.

Baada ya sala tulikutana na Watanzania wawili watatu wa biashara hiyohiyo ya mawe. Mmoja alikuwa ametua usiku uliopita, bado ana hasira. Alikuwa amepanga foleni ndefu ya uhamiaji uwanja wa Suvarnabhumi, akafika dirishani, akarudishwa. Anayetoka Tanzania au Kenya hupitia kwanza dawati la afya, anaonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kupigiwa muhuri, ndipo aende uhamiaji. Dawati liko kabla ya foleni, nawe ukifuata mkumbo unalipita bila kuliona.

Chakula kilikuwa palepale vichochoroni: khao mok kai, wali wa manjano kwa kuku, ndugu wa biriani, wenye vitunguu vya kukaanga juu, mchuzi mwembamba kando, na sosi ya kijani ya majani yenye uchachu na utamu. Sosi hiyo usiiache. Sahani haikufika baht 100. Nje ya mitaa ya Waislamu, tazama alama ya halali yenye umbo la almasi, na ujue kwamba "mu" ni nguruwe. Kuuliza kama kuna nyama yake hakutoshi, maana mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake.

Mchana tulipanda tena BTS Saphan Taksin mpaka mwisho wa mstari, National Stadium. Karibu na hapo ni nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani wa hariri aliyepotea Malaysia mwaka 1967, na ng'ambo ya mfereji ni Ban Khrua, mtaa wa Waislamu Wachamu, watu wenye asili ya Kambodia na Vietnam, ambao ndio waliomfumia hariri ile. Watalii wanajaa nyumbani kwake. Darajani kuvuka kwenda kwa wafumaji tulikuwa wenyewe.

Gati ya Hua Chang tukachukua boti ya mfereji wa Saen Saep. Hii si ya mto. Maji ni meusi, yananuka, na kila boti mbili zinapopishana abiria wa pembeni huvuta kamba kupandisha turubai. Ukikaa pembeni kazi hiyo ni yako. Makonda wamevaa helmeti, wanatembea ukingoni kwa nje wakikusanya nauli, wakiinama kila daraja. Pratunam wote hushuka na kupanda boti nyingine. Tiketi usiitupe, ndiyo inayoendelea. Tukashuka Nana Nuea, tukarudi kwa miguu kwa Soi 3.

Njiani kaka aliagiza som tam: papai bichi lililochanwa, kitunguu saumu, kamba wakavu, karanga, nyanya, ndimu na sukari, vyote vikitwangwa kinuni mbele yako. Taja "som tam thai", la sivyo unaweza kutiliwa kaa wa chumvi na samaki wa kuvunda, na mgeni hapo hushindwa. Pilipili sema kwa idadi, kabla mchi haujaanza. Kaka alisema moja. Yule mama akamtazama usoni, akatia mbili.