Dola 90 za mwalimu, na mama aliyenifundisha bure

Dola 90 kwa saa moja. Ndiyo bei niliyolipa mwezi uliopita kufundishwa pikoboli hapa Kent, kusini mwa Seattle, Marekani, na karibu nusu ya saa yenyewe mwalimu alikuwa ananishawishi ninunue kibao kipya. Piga hesabu kwa shilingi, halafu niambie kwetu Tanga hiyo ni kodi ya chumba miezi mingapi. Bado inaniuma.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, kwenye uwanja mdogo kuliko wa tenisi. Ulianzia hukuhuku jimbo la Washington, kisiwa cha Bainbridge, mwaka 1965. Mimi shuleni nilicheza mpira wa meza, nikaja na mkono uleule wa kufyatua. Mipira ikawa inatoka nje au inaishia kwenye wavu. Kumbe shughuli iko mbele. Futi 7 kila upande wa wavu wanapaita jikoni, na ukikanyaga humo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Anayejua kuudondosha taratibu jikoni kwako amekufunga mikono: lazima uinamie, uunyanyue, na ukiunyanyua juu amekumaliza. Mpigo huo mpole ndio dinki.

Pale bustani ya manispaa vibao hupangwa foleni kando ya uzio, vinne vya mbele vinaingia, kila mtu na bahati yake. Nikaangukia upande wa pili wa mama mmoja aliyevuka miaka sabini. Walitufunga 11 kwa 2. Mchezo ulipoisha akanifuata, akauliza kama nina nusu saa. Nimebeba boksi nchi hii miaka sita, zamu za usiku, na ni nadra mtu kuniuliza kama nina muda bila kutaka kuniuzia kitu. Akasema nimwite kwa jina lake. Ulimi ulikataa. Namwita Mama.

Alianza na vidole vyangu. Nilikuwa nimekikaba kibao mpaka vifundo vimepauka. Akavilegeza kimoja kimoja, nikashika kama mtu aliyeshika kifaranga, na mpira uliokuwa unaruka kama umegonga ukuta ukaanza kutulia. Kisha magoti: kunja, kibao kiwe chini ya mpira na mbele ya mwili, usiusubiri ukufikie tumboni. Kifundo cha mkono kitulie, bega ndilo lisukume, mwendo mfupi tu. Na piga kwa mshazari, kupitia katikati, kwa sababu kwenye nguzo wavu una inchi 36 lakini katikati umeshuka hadi 34, na njia ya mshazari ni ndefu. Hizo inchi mbili mwalimu wangu wa dola 90 hakuzitaja.

Mnaojiandaa kuja, nisikilizeni. Msiishi kati ya kazini na kitandani kama nilivyoishi miaka yangu miwili ya mwanzo, simu mkononi, pazia limefungwa. Tafuteni bustani ya manispaa. Viwanja vingi ni bure, kibao kilichotumika kinatosha kabisa, na kabla hujamlipa mtu yeyote nenda kasimame pale uzioni Jumamosi asubuhi. Wazee wa hapa wana muda na wana ujuzi, na wengi wao nyumba zao zina ukimya kuliko chumba chako.

Sasa tunakutana kila Jumanne, kabla sijaingia zamu. Hatuhesabu pointi, tunahesabu dinki zinazopita wavu bila kukatika, yeye kwa Kiingereza na mimi kwa Kiswahili, na siku hizi hadi kumi anazitaja kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza tulikwama kwenye 9. Juzi tulifika 63. Ya 64 nikaona mpira umeinuka kidogo, mkono ukanikaza, nikaufyatua, ukagonga wavu. Mama akauokota, akarudi kusimama kwenye mstari wa jikoni, akakunja magoti.

"Moja," akasema.