Maji Baridi Kweli Kweli

Shuleni Ukerewe tulifundishwa kwamba sisi ni wavuvi wa maji baridi. Mwalimu aliandika ubaoni: samaki wa maji chumvi ni wa baharini, samaki wa maji baridi ni wa maziwa na mito. Tukanakili, jioni tukaenda kuogelea katika Ziwa Victoria, ambalo mwaka mzima lina nyuzi 24 hadi 26 za joto. Baridi gani hiyo! Maana halisi ya maneno yale nimekuja kuijua Minnesota, Marekani, kwa vidole vyangu mwenyewe.

Aliyenivuta kwenye safari hii ya kuvua ni jirani yangu wa Brooklyn Park, Mluo wa Homa Bay, mtu mzima anayeukaribia umri wa miaka sabini. Wote mtaani tunamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Yeye ananiita "Mtanzania", kana kwamba ndilo jina nililobatizwa. Tumekulia kando ya ziwa moja lakini hatukubaliani jina la samaki hata mmoja. Nikisema sangara, yeye anasema mbuta. Nikisema sato, anasema ngege. Nikisema dagaa, anasema omena, tena kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto.

Mwaka mzima wa kwanza nilimsumbua anipeleke kuvua. Jibu lake lilikuwa moja: "Ngoja barafu itoke."

Mwezi wa nne alinipeleka Lake Harriet, mle mle Minneapolis, nikaone barafu inavyokufa. Nilitarajia iyeyuke kama ya kwenye glasi ya soda, kidogo kidogo kutoka pembeni. Sivyo. Kwanza inabadilika rangi, kutoka nyeupe kuwa ya kijivu, halafu nyeusi kama lami iliyolowa. Kwa mbali unadhani bado ni sakafu, kumbe imeshaoza ndani: imegawanyika kuwa vijiti virefu vilivyosimama wima, vimeshikana kama mabua kwenye mganda. Jaduong' aliigusa kwa fimbo yake ya kutembelea, kipande kikasambaratika na vijiti vikaanza kugongana majini, vikilia kama vikombe vya chai kwenye sinia. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kusini. Kesho yake jioni nikipita kutoka kazini, ziwa lote lilikuwa maji.

"Sasa twende," nikamwambia.

"Wewe Mtanzania una haraka. Hapo samaki bado amelala."

Akanieleza jambo ambalo kwetu halina kazi, ndiyo maana sikuwahi kulifikiria. Maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4. Kwa hiyo wakati wa baridi, chini ya barafu, yale ya nyuzi 4 yanakaa chini na yaliyo baridi zaidi yanakaa juu. Barafu ikitoka, jua linayapasha ya juu hadi nayo yafike nyuzi 4. Uzito ukishalingana, upepo unaweza kulikoroga ziwa zima kama uji, hewa ya juu ikafika hadi chini kabisa. Baada ya hapo ndipo ghuba zenye maji mafupi na tope jeusi zinaanza kupata joto kabla ya sehemu nyingine. Vidagaa vinakimbilia huko, na wakubwa wanavifuata. Kwetu mvuvi wa dagaa anahesabu siku za mwezi, asubiri giza. Huku wanahesabu nyuzi.

Halafu kuna sheria. Samaki tuliyemfuata anaitwa walleye, samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965, na huku kumvua kunafungwa kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Mei ili azae kwa amani. Jaduong' hapo hulalamika, ila kulalamika kwa mazoea tu, kwa sababu hata Kenya omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai na anakumbuka alivyokuwa akilalamika kule pia. Msimu unafunguliwa saa sita usiku, Ijumaa ikigeuka Jumamosi. Na kwa bahati mbaya, miaka mingi siku hiyo inaangukia wikiendi ile ile ya Siku ya Mama. Wanaume wa Minnesota wana ufundi wao wa kuomba ruhusa, ambao bado najifunza.

Tuliondoka Ijumaa saa nane mchana, mashua ya alumini nyuma kwenye trela, tukielekea Leech Lake, karibu kilomita 300 kaskazini. Barabara namba 10, halafu 371. Kuanzia Little Falls kila gari la tatu lilikuwa linavuta mashua, foleni kama ya magari ya kwenda msibani. Pale Pequot Lakes kuna tangi la maji la mji lililopakwa rangi kama boya la mshipi, jekundu juu na jeupe chini, na hapo ndipo Jaduong' huanza kuimba. Kusini miti ilikuwa imeshachipua. Kadiri tulivyokwenda juu majani yalirudi kuwa vichipukizi, vichipukizi vikawa vijiti vitupu, kama kalenda inayosomwa kinyumenyume.

Mjini Walker tulisimama kununua chambo. Dukani kuna mapipa yenye maji yanayobubujika, ndani yake vidagaa hai vya kila aina, na muuzaji anavitoa kwa kichujio kidogo akihesabu. Akihesabu! Kwa dazeni! Mimi ninayetoka mahali ambapo dagaa hupimwa kwa sado, na mzee wangu wa gorogoro, tulitazamana tukakosa la kusema. Waliokuwa wakitafutwa zaidi na kila mtu ni wale wenye doa jeusi kwenye shina la mkia, kwa kuwa ndio walleye anaowala katika ziwa hilo majira hayo. Muuzaji, mama wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa huku (sehemu kubwa ya Leech Lake imo ndani ya ardhi ya watu wake), alituambia kwamba walleye kwao ni ogaa. Jaduong' akanigeukia: "Umeona? Kila mtu ana jina lake. Ni wewe tu hutaki kukubali mbuta." Mama huyo akatuonya pia kwamba ghuba ya Walker, yenye kina kirefu, bado ilikuwa nyuzi 7. Twende Stony Point, maji mafupi, mawe, na upepo unapiga moja kwa moja.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Minnesota huruhusiwi kusafirisha maji ya ziwa moja kwenda jingine. Wanaogopa kome wadogo wenye mistari waliotoka ng'ambo, ambao husambaa kwa maji yanayobaki ndani ya mashua. Mtu aliyeona gugu maji likifunga mialo ya Victoria hahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Basi mashua yoyote ikiwa barabarani ni lazima kizibo cha nyuma kiwe kimetolewa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kizibo. Nilikitoa nyumbani vizuri, nikakitia mfukoni, nikajisifu.

Saa tano na nusu usiku tukaishusha mashua Stony Point. Giza, watu wengi, kila mmoja anataka aliye mbele yake amalize upesi. Tulikuwa tumeenda kama mita 50 nilipohisi miguu imekuwa mizito. Nikadhani ni uchovu. Halafu baridi ikapenya kwenye buti, baridi ya namna inayouma kama moto, nikamulika chini: maji yamefika kwenye vifundo na kopo letu la chambo linaelea.

"Mtanzania. Kizibo."

Nilipiga magoti nikaingiza mkono ndani ya yale maji kutafuta tundu. Nyuzi 9. Sekunde chache tu vidole havikuwa vyangu tena. Nilikiona kizibo mkononi lakini sikukihisi, nikakiangusha, nikakisaka, nikakiangusha tena. Hapo nikaelewa kwa nini mzee alinifokea pale ufukweni hadi nikafunga jaketi la kujiokolea mpaka kidevuni. Kwetu tunaingia ziwani bila kitu, tukitegemea kuogelea. Katika maji haya mikono na miguu inakuacha upesi hata kama ulikuwa bingwa wa kuogelea Nansio. Kizibo kiliingia hatimaye. Tukachota maji kwa ndoo, kimya, na mzee hakusema neno hata moja, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Saa sita kamili watu kwenye mashua za jirani walishangilia. Nilipoinua kichwa nikaona taa kila upande, nyeupe, nyekundu na kijani, zikicheza juu ya maji meusi, na kwa muda nilikuwa Ukerewe utotoni, nimesimama mlangoni nikihesabu karabai za wavuvi wa dagaa. Leech Lake ina zaidi ya kilomita za mraba 400. Ni kubwa, usiku huoni mwisho wake, lakini ukiichukua ukaipanga ndani ya Victoria itaingia mara 150 hivi. Nilimwambia Jaduong' hesabu hiyo. Akaniambia nitazame uzi wangu.

Usiku wote hatukupata kitu. Tulilala kidogo kwenye kibanda tulichokodi, tukarudi alfajiri. Ziwa lilikuwa kioo, jua linachomoza, pazuri ajabu. Mzee akasonya. Uzuri huo hautakiwi. Walleye ana utando nyuma ya mboni unaorudisha mwanga, kama jicho la paka, ndiyo maana ukimmulika linang'aa. Kwenye mwanga hafifu yeye anaona na kidagaa hakioni. Jua kali juu ya maji matulivu linamnyang'anya faida hiyo, anashuka chini na kutulia. Kwa hiyo tulikaa tukiomba hali ya hewa iharibike. Kwenye saa tatu iliharibika. Mawingu yalitanda, upepo ukageukia upande wetu, viwimbi vikaanza kupiga mawe ya Stony Point, na chembe za barafu zikaanguka kofiani. Mwezi wa tano huo.

Mzee alinishika mkono kunionyesha. Ndoano ina kichwa cha madini ya risasi, kidogo kama punje ya hindi, kimepakwa rangi ya ndimu. Kidagaa unakitoboa kutokea mdomoni, ncha inatokea juu ya kichwa, ili kiendelee kuogelea. Unakishusha mpaka chini, kina cha mita mbili au tatu, halafu unainua kidogo, unaacha kishuke. Polepole. Ukifikiri unakwenda polepole, punguza. Samaki wa maji ya nyuzi 9 hakimbizi chakula.

Sangara akila, unajua. Anavuta kama mwenye deni lake. Huyu nilingoja avute, hakuvuta. Uzi ulizidi tu uzito, kama umenasa kwenye mwani.

"Imenasa kwenye majani," nikasema.

"Majani yanatembea?"

Nikainua fimbo, majani yakatikisa kichwa. Alikuwa dume, sentimita 40 hivi, rangi ya shaba iliyochanganyika na zeituni, ncha ya chini ya mkia nyeupe kama imechovywa kwenye chokaa, na jicho kubwa lenye ukungu, la mtu mwenye mtoto wa jicho. Mpaka saa saba tulikuwa na watano, wote madume wa ukubwa huo. Madume hubaki kando ya mawe walikozalia. Majike wakishamwaga mayai huondoka kwenda kupumzika. Mayai yenyewe huachwa tu kwenye changarawe, hakuna kiota, hakuna mlinzi. Nilipomweleza jirani mmoja wa mashua kwamba sato wetu hulea mayai mdomoni, alidhani namdanganya.

Jike alikuja mmoja, kwa Jaduong'. Sentimita 63 kwenye rula, tumbo limelegea kama mfuko mtupu. Sheria ya ziwa ilimruhusu kubaki na mmoja mkubwa. Alimshika majini, akamsukuma mbele na nyuma hadi alipopata nguvu, akamwachia. "Mama mzazi," akasema, akafuta mikono.

Jioni kwenye kibanda cha kusafishia samaki, Mzungu mmoja mzee alikuwa anatoa minofu kwa kisu cha umeme, pande mbili kwa dakika moja, na kila kilichobaki kinaingia pipani: kichwa, mgongo, mapezi na nyama yote iliyoshika mifupa. Niliganda. Nimesomeshwa kwa mapanki mimi. Mama yangu alikuwa akivuka kwenda Mwanza, ananunua mifupa ya sangara iliyotoka viwandani baada ya minofu kupakiwa kwenda Ulaya, anaikaanga, anauza. Nikamwomba yule mzee mifupa yake. Akauliza kama nina mbwa. Nikamwambia ni ya mchuzi. Alifikiri kidogo, akanisogezea karai, kisha akachukua kisu kidogo akanionyesha kipande cha nyama cha mviringo kwenye shavu la samaki, akisema hicho hata yeye hakitupi.

Tulipika kwa nyanya, vitunguu na ndimu, na unga wa ugali tuliokuja nao kutoka mjini. Jaduong' alinyonya vichwa vitatu bila kuzungumza. Jumapili asubuhi nilimpigia mama simu, nikamweleza. Hakuuliza habari ya barafu wala ya ziwa. Aliuliza mapanki ya huko ni bei gani.

Tulipoipandisha mashua kurudi, mzee aliniamuru nitoe kizibo. Nikakitoa, nikangoja maji yaishe kutiririka, tukafunga safari. Jumatatu niko zamu kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, natafuta kalamu mfukoni, vidole vikagusa kitu cha mpira. Kabla sijakitoa, simu ikalia.

"Mtanzania," akasema. "Kizibo changu."