Chatu akianza kukoroma

Najua kuna ndugu zangu kule Tanga hawajanielewa mpaka leo kwamba mtu ametoka Bongo akaenda Minneapolis, Marekani, kufuga nyoka ndani, haya mnicheke tu, post hii ni ya wafugaji wenzangu manake kila baridi ikianza naulizwa lile lile, nyoka wangu anakoroma nimpe dawa gani.

Kwanza usimpe kitu, pima joto. Hawa chatu wadogo wanaouzwa sana huku, ball python, asili yao ni Afrika Magharibi na Kati, kama Ghana, Togo na Benin, wanataka upande wa moto nyuzi 31 mpaka 33 na upande wa baridi 25 hivi usishuke zaidi. Sasa huku winta hita ya nyumba inakausha hewa, mkeka wa moto ukifa usiku na hujui basi kinga ya mwili inashuka, bakteria waliokuwa mdomoni kimya wanapata nafasi.

Wangu nilimwona amenyanyua kichwa ameegemea kioo, mdomo wazi kidogo, na kwenye tundu la pua kuna povu linatokea na kupasuka kila akipumua. Hiyo ndo yenyewe, maambukizi ya njia ya hewa. Ila kamluzi kadogo anapokaribia kujivua gamba kasikutishe, mara nyingi ni ngozi kavu puani, akishajivua kanaisha. Shida ya nyoka hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaosaidia kupumua, kama sisi kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri, makohozi yanakaa tu mapafuni na ndo maana kusubiri "atapona mwenyewe" ni kumuua polepole.

Tafuta vet anayejua reptilia, sio wa mbwa na paka tu. Wangu alichukua sampuli ya makohozi ipimwe, akampima uzito, akatoa seftazidimu, dawa ya kuua bakteria, sindano moja kila baada ya saa 72. Nilipewa mabomba ya sindano yameshajazwa dawa yanakaa friza, kwangu yalikaa jirani na samaki bana, unatoa moja unaipasha mkononi mpaka iyeyuke, unapitisha sindano katikati ya magamba kwenye nyama pembeni ya uti wa mgongo, nusu ya mbele ya mwili, sababu damu ya nyuma inaweza kupitia figo kwanza na kuondoka na dawa. Mwingine awe ameshika kichwa. Joto nalo liwe sawa muda wote wa dozi, nyoka akiwa baridi mwili unafanya kazi taratibu na dawa haisaidii inavyotakiwa. Na tafadhali zile amoksilini zilizobaki kabatini ziacheni huko huko, dozi yake inapigwa kwa gramu za uzito wake, sio kukadiria kwa macho.

Kuna kingine hakina dawa, nidovirusi, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, viligunduliwa kwa chatu hawa mwaka 2014. Bakteria wakitibiwa na bado anarudia kukoroma, mwambie vet apime PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, hasa kama una nyoka wengine. Mimi nyoka mgeni yeyote nikimleta anakaa chumba chake miezi mitatu, koleo lake, bakuli lake la maji, na yeye ndo anahudumiwa wa mwisho kila siku halafu naenda kunawa mikono.